Ngazi Kumi na Moja Nyuma ya Nyumba

Machi 3

Daftari hili nimelinunua leo ili nisimpige mtu. Muuza duka aliniuliza kama ni la mtoto wa shule. Nikamwambia ni la hasira, akacheka akidhani natania.

Mdogo wangu amekuja asubuhi na karatasi kubwa kwapani. Tunamwita Meneja tangu utotoni, kwa sababu hata tulipocheza kujificha yeye ndiye aliyepanga nani ajifiche wapi. Akaitandaza karatasi yake mezani, juu ya nguo nilizokuwa nakunja. "Dada, tunatengeneza bustani ya nyuma. Pawe mahali pa kukaribisha wageni na pa kupumzikia. Baba anatimiza sabini mwezi wa tano, tumfanyie sherehe pale pale."

Bustani gani? Nyuma ya nyumba hii kuna mteremko tu. Ukitoka mlango wa jikoni, ardhi inakukimbia mpaka kwenye ukuta wa jirani. Ukitua beseni linainama. Ukidondosha kitunguu, kifuate huko chini. Marehemu mama alipanda maua mara tatu, na mara tatu mvua ikayashusha kwa jirani, ambaye mpaka leo anasifiwa kwa bustani yake.

Sasa Meneja anataka sakafu tatu zinazoshuka: ya juu iwe na jiko la kuchomea nyama, ya kati viti na meza, ya chini nyasi na benchi. Katikati ni ngazi. Nimezihesabu kwenye mchoro kwa kidole. Kumi na moja.

Baba alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa tisa. Upande wake wa kulia umelala, mkono na mguu. Yuko kwenye kiti cha magurudumu, au anasimama na fimbo huku nimemshika kiunoni. Nilifunga cherehani zangu nikahamia hapa. Mimi ndiye namwogesha, namvalisha, nampeleka kliniki. Meneja huja Jumamosi.

"Baba atashukaje?" nikamwuliza.

"Hilo limeshazungumzwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Nikaenda chumbani. "Baba, umeuona mchoro wa mwanao?"

"Vizuri," akasema. Tangu augue, maneno yake hutoka moja moja, kwa kuyavuta. Supu yangu haina chumvi, shuka nimetandika vibaya, chai ni ya moto, chai imepoa. Lakini ngazi kumi na moja za Meneja ni vizuri.

Machi 4

Bado nimekasirika.

Machi 8

Fundi ameanza. Mtaa mzima unamwita Taratibu, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Baba alikuwa muashi miaka arobaini, na ndiye aliyemfundisha huyu kushika mwiko. Alipofika alikwenda kwanza kumsalimia mzee, akavua kofia, akakaa naye nusu saa. Aliporudi nje nikamwambia, "Fundi, wewe unamjua mzee. Kweli unamjengea ngazi?"

"Dada, mimi naambiwa, najenga."

"Na akili yako umeiacha nyumbani?"

"Taratibu, dada," akasema, akaanza kupigilia vigingi.

Machi 12

Kliniki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinivuta kando kwenye korido. "Mama, umeshamwambia mzee? Nilikueleza tangu mwezi wa pili. Ule mguu umefika mwisho wake. Atasimama, atahama kutoka kitini hadi kitandani, lakini kutembea peke yake, tusidanganyane."

"Nitamwambia."

Kwenye teksi Baba akanitazama. "Wamesemaje?"

"Wanasema unaendelea vizuri."

Ningemwambiaje mtu aliyepanda majukwaa ya ujenzi maisha yake yote? Tena ndani ya teksi? Siku itafika.

Machi 19

Wamechimba. Kuna udongo jikoni, udongo kitandani, udongo kwenye meno. Meneja amepiga simu kuuliza kama "mradi" unakwenda.

Machi 27

Leo Baba amekaa dirishani tangu saa tatu hadi saa kumi. Fundi akisimamisha ubao wa ngazi, Baba anagonga kioo kwa fimbo na kuonyesha kwa mkono wa kushoto: shusha. Fundi anashusha. Baba anagonga tena: bado. Ngazi ya kwanza peke yake imebomolewa mara mbili.

"Kawaida inchi saba," Fundi akaniambia akijifuta jasho. "Mzee anataka tano na nusu. Ndefu za kwenda mbele, fupi za kimo. Ni kazi maradufu."

Kwa hiyo nguvu anazo! Mimi nikimfanyisha mazoezi, dakika kumi anafumba macho na kusema amechoka. Kwa ngazi za mwanawe anashinda dirishani kama msimamizi wa barabara kuu. Nimempelekea chakula dirishani, akala bila kunitazama. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kusukumwa hamjui anayesukuma.

Aprili 2

Baba anataka mazoezi mara mbili kwa siku. Asubuhi na jioni. Mgongo wangu haukuulizwa.

Aprili 9

Mvua.

Aprili 10

Mvua.

Aprili 11

Mvua. Nguo hazikauki. Shuka za Baba nimezitandaza sebuleni juu ya viti, nyumba inanuka kama ndani ya kiatu. Kutoka nje haiwezekani kwa sababu njia yetu ya zamani ya kando, ile niliyokuwa nampitisha na kiti mpaka kwenye jua, imechimbwa kupisha sakafu ya juu. Baba hajatoka nje siku kumi na mbili. Nimemwambia Meneja kwenye simu. Akasema, "Dada, vumilia, kizuri hakiji upesi." Nikamkatia.

Aprili 15

Udongo wa kujaza umesombwa. Niliwaambia haujashindiliwa, hata mimi mshona nguo niliuona unabonyea. Ngazi ya nne imekaa upande na tope limeingia kwa jirani. Amepanda juu ya ndoo, kichwa kikatokea juu ya ukuta. "Mara hii mbona mmeniletea udongo bila maua?"

Nilicheka. Nilicheka sana, nimesimama mvuani, nikiiangalia ngazi ya Meneja imepinda. Nilitaka zote zipinde. Nimeandika ukweli.

Aprili 17

Nilikuwa bafuni nafua nikasikia kishindo. Nimemkuta Baba sakafuni chini ya dirisha, fimbo iko mbali, na kipaji cha uso kinatoka damu kidogo. Nikamwinua kwa nguvu ambazo sijui nilizipata wapi, huku nikimfokea. "Unataka kuniua? Ukivunjika nyonga nani atakubeba? Meneja?"

Yeye anatabasamu! Nusu ya mdomo, ile inayofanya kazi.

"Hatua," akasema. "Mbili."

"Hatua mbili na kuanguka, hiyo ni hesabu gani?"

"Mbili," akarudia, akanyoosha vidole viwili ili nisije nikakosea.

Nilimfunga kidonda. Hapo ndipo ningemwambia ya kliniki, nimelijua hilo nilipokuwa nakata plasta. Sikusema. Nilimwambia asirudie tena, nikaenda kumaliza kufua.

Aprili 24

Fundi amerudia ngazi ya nne, na ya tano kwa usalama. Mvua imepungua. Meneja amechapisha kadi za mwaliko. Wageni arobaini.

Mei 2

Naandika yote.

Wifi yangu, mke wa Meneja, amekuja mchana na mito ya viti. Kumi na miwili, myeupe. Sijawahi kumpenda sana huyu. Ana kicheko kinachotangulia mlangoni kabla ya mwenyewe, na huwa anagusa vitu vyangu akivinyoosha. Nikamwambia, "Mito myeupe, kwenye hili tope? Ama hiyo ni ya kutazamwa tu, kama Baba atakavyotazamwa huku juu wakati ninyi mnakula huko chini?"

Akaiweka mito mezani polepole. "Wifi, tangu mwezi wa tatu unanirushia maneno na mimi nameza. Leo sema unachotaka kusema."

"Nasema hivi: mmemjengea mgonjwa ngazi. Hata mtoto angechora njia ya kiti."

"Ilichorwa."

"Nini?"

"Njia ya kiti ilichorwa. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu aiweke. Mchoro wa kwanza ulikuwa nayo, inazunguka kwa kando mpaka chini. Tulipomwonyesha baba, aliweka kidole juu yake, akasema, 'Toa.' Mume wangu akamwuliza mara mbili. Akachukua kalamu mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, akaikata."

Nilimwambia ni mwongo. Akafungua simu yake, akanionyesha picha ya mchoro. Njia ilikuwepo, na mstari wa kalamu umekatiza juu yake, wenye kutetemeka. Naujua mwandiko wa mkono ule, ndio anaotilia sahihi kliniki.

Nilikwenda chumbani bila kubisha hodi. Baba alikuwa amekaa kitini, anakunja na kukunjua vidole vya mkono mzima.

"Nani alikata njia ya kiti?"

Hakushtuka. "Mimi."

"Miezi miwili namlaani mwanao kwa ajili yako! Nimegombana na Fundi, nimegombana na wifi, nimelala na kuamka na hasira. Na ni wewe? Kwa nini?"

Alikuwa anayatafuta maneno, na mimi sikumsaidia kama ninavyomsaidia siku zote. "Njia... ya toroli," akasema. "Mimi... si mchanga." Akapumua. "Mvua zikiisha. Nitashuka. Kwa miguu."

"Utashuka kwa miguu gani, Baba? Nani kakuambia utashuka?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Wewe," akasema. "Kila kliniki. Naendelea vizuri."

Mungu wangu. Nilipaswa kukaa chini wakati huo. Nilipaswa kumshika mkono, nizungumze kwa upole, kama watu wanavyofanya. Badala yake nilisema nikiwa nimesimama, kwa sauti ya juu, kana kwamba kosa ni lake kuniamini. Nilisema mguu umefika mwisho. Nilisema tangu mwezi wa pili wanajua, na mimi najua. Nilisema hata ngazi zingekuwa za inchi moja, asingezishuka. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi wangu nilishajikwaa nao, lakini niliendelea kuukimbiza.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni amejiziba mdomo.

"Toka," Baba akasema.

Nikatoka.

Mei 3

Hajala.

Mei 4

Amekunywa maji, kwa sababu ni wifi aliyempa. Nimekaa jikoni nikisikiliza kijiko.

Mei 6

Meneja amekuja na leo si Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nikayakosa, maana yeye alikuwa nayo tayari.

"Ulijua tangu mwezi wa pili?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nijenge?"

"Ulinificha mchoro!"

"Baba alisema nisikwambie! Alisema ni kati yangu na yeye. Dada, mimi tangu nizaliwe huyu mzee hajawahi kuniomba kitu. Ukuta anajenga mwenyewe, paa anaziba mwenyewe. Kaniomba ngazi. Ningemwambia hapana?" Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na suruali yake ya ofisini. "Kumbe wewe ungejua la kumwambia. Ulikuwa nalo mfukoni."

Ni kweli, na ndiyo maana nilimchukia zaidi leo kuliko siku zote. Ni rahisi kumkasirikia mtu mwenye kosa. Nimempa chai. Hakuomba sukari, nikamtilia.

Mei 10

Baba anakula sasa. Hataki mazoezi, si ya asubuhi wala ya jioni. Dirishani hasogei. Fundi amemaliza kupaka ngazi saruji laini ya juu na zimependeza, lazima niseme. Zinashuka taratibu, pana, kila moja sawa na mwenzake. Ni ngazi za mtu anayejua kazi.

Mei 16

Sherehe ilikuwa leo.

Sisi hatukutaka, ila kadi zilishakwenda, na tulipomwuliza Baba alisema, "Waje." Meneja alipanga vijana wanne wa ofisini kwake wambebe na kiti mpaka chini. Baba aliwatazama wale vijana mmoja mmoja mpaka wakaanza kutazama viatu vyao. Akabaki juu, kwenye mlango wa jikoni, na shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Nikabaki naye, nimesimama nyuma ya kiti. Tangu siku ile tulikuwa tunasemezana kwa mambo ya lazima tu.

Wageni walijaa chini. Kusema haki, palikuwa pazuri. Moshi wa nyama, viti, mito ya wifi, watoto wanabingirika kwenye nyasi. Kila mgeni alipanda, akampa Baba mkono, akashuka haraka kurudi kwenye sahani yake. Kisha Meneja akagonga glasi kwa kijiko. Akamshukuru Baba kwa yote, na watu arobaini wakainua glasi na nyuso kutazama juu, kule tulipo, kama wanaangalia picha ukutani.

Baba akatupa fimbo.

Hakuitupa mbali. Aliiachia tu ukingoni, ikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ikagonga zote kumi na moja bila haraka, ikasimama kwenye kiatu cha Meneja.

"Fundi!" Baba akaita. Sikujua bado ana sauti ile. "Nyundo!"

Taratibu alikuwa mgeni kama wengine, ana paja la kuku mkononi. "Mzee..."

"Nyundo kubwa!"

"Baba, wageni wapo," Meneja akasema.

"Wageni... wale nyama."

Fundi akaenda stoo, akarudi nayo. Akasimama nayo chini ya ngazi, macho yake kwangu, kwa Baba, kwangu. Hakuweza. Alikuwa amezimaliza Jumapili. Basi mimi nikavua viatu vya kisigino, nikashuka, nikamnyang'anya. Nilikuwa na gauni la kijani nililolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hii. Nikainua nyundo nikaishusha kwenye ngazi ya chini kabisa, mkono ukafa ganzi mpaka begani, na saruji ikatoka vumbi kidogo tu.

"Siyo hapo!" Baba akafoka. "Juu! Kubomoa... kunaanza juu! Miaka yote... hukuangalia?"

Nikapanda nikaanza juu. Nilipiga kwa ajili ya kliniki, nikapiga kwa ajili ya korido, nikapiga kwa ajili ya "unaendelea vizuri" zote nilizozisema ndani ya teksi. Nilikuwa nalia na wageni wakaona. Ya kwanza ilipopasuka, Meneja alikuwa ameshavua koti. Akapokea nyundo bila neno.

Nyama haikubaki. Wageni walikaa mpaka saa kumi na mbili wakitutazama, na jirani akasema juu ya ukuta wake kwamba sherehe nzuri kama hii hajaiona.

Mei 19

Baba ametoa amri: futi moja ya kushuka, futi kumi na mbili za kwenda. Mteremko wetu ni futi tano. Kwa hiyo njia ya kiti ya futi sitini, na kona mbili. Anasema hivyo kwa vidole, na tukikosea anatukana kwa sauti safi kabisa. Matusi hayakupata kiharusi.

Mei 23

Baba amebomoa kona ya kwanza. Yaani sisi tumeibomoa. "Kiti hakigeuki," kasema. Meneja alipima tena na kweli, ilikuwa imebana kwa inchi mbili.

Mei 27

Kona ya pili, hivyo hivyo. Nimemwambia kama anajua sana angeisema kabla ya zege. Akasema nimtandikie kitanda vizuri.

Juni 8

Mvua zimekwisha. Zege limekauka.

Saa nne asubuhi nilimtoa kupitia mlango wa jikoni. Niliandaa maneno ya kumwomba radhi, nimeyaandaa kwa wiki tano, na kwenye kona ya kwanza nikaanza. "Baba, lile jambo la kliniki..."

"Niachie," akasema.

"Nikuombe radhi tu."

"Kiti. Niachie kiti."

Nilikasirika, nikaachia. Mkono wake wa kushoto ulibana gurudumu, mguu mzima ukapapasa zege, na kiti kikashuka kidogo kidogo, pale pale alipotaka, bila kukimbia. Nilimfuata nyuma hatua moja, mikono nimeinyoosha kama mtu anayebeba sahani za watu. Kona ya pili aliikata kwa kujaribu mara tatu. Chini, kwenye nyasi, akajisukuma mpaka kando ya benchi, penye jua, akafunga breki.

"Nenda," akasema.

"Niende wapi?"

Akaonyesha juu kwa kidevu.

Nilipanda nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni. Nilimwona kisogo. Nusu saa ikapita. Nikaita, "Baba, unahitaji kitu?" Hakugeuka. Aliinua mkono wake mzima na kuupunga, kama anafukuza nzi.

Nikarudi kukaa. Hakuna wa kuoshwa, hakuna wa kuvalishwa, hakuna aliyeniita. Miezi tisa sijakaa hivi. Sikujua mikono niiweke wapi, nikaiweka mapajani.